Usingizi Kabla ya Ubavu
Somo: Mwanzo 2:18–24

Tukisoma habari za Adamu na ubavu wake, wengi tunakimbilia harusi. Leo tubaki kwenye mstari wa 21. Kabla Mungu hajagusa kifua cha mtu yule, alimtia kwanza usingizi mzito. Mwaka 1847 daktari James Simpson wa Edinburgh aliutumia mstari huohuo kuwajibu waliodai kwamba kumlaza mgonjwa kwa klorofomu ni kumpinga Mungu.

Siku hizi mtoto aliyezaliwa na umio usiofika tumboni anaweza kupasuliwa kwa kamera, kupitia matundu ya milimita chache ubavuni. Kovu linakuwa dogo, lakini mzigo unamhamia daktari wa usingizi. Ili mpasuaji apate nafasi, pafu la upande ule lazima linywee, na mara nyingi hupulizwa kaboni dioksaidi kifuani, kwa shinikizo dogo, ili kulibana. Kichanga anabaki kutegemea zaidi pafu alilolilalia, nalo linaelemewa kwa sababu mbavu zake bado laini. Gesi nayo inapenya kwenye damu. Ndiyo maana kuna mtu anayetazama oksijeni, mapigo, joto na kila pumzi inayotoka, mwenye haki ya kumwambia mpasuaji: ngoja, pafu lijae kwanza.

Katika ibada zetu za shukrani sijasikia mtu huyo akitajwa. Mwaka 1938, huko Boston, Robert Gross alifunga mshipa karibu na moyo wa binti wa miaka 7, akasifika duniani. Aliyemlaza binti yule na kumlinda ni muuguzi Betty Lank. Nani kati yetu amewahi kumsikia?

Wazazi mnaosubiri tarehe ya upasuaji, maombi mtapata. Lakini atakapokuja wodini huyo wa nusukaputi na maswali yake mengi, msimwone msumbufu. Mwambieni yote: mafua ya juzi, dawa za mitishamba, ndugu aliyewahi kuzidiwa na dawa ya usingizi. Akitaja saa ya mwisho ya kula, ishikeni. Najua bibi anavyoumia mjukuu akilia kwa njaa (bibi zetu!), ila uji wa siri wa alfajiri unaweza kupanda kutoka tumboni ukaingia mapafuni mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Bibi ambebe, ambembeleze, hata alie naye. Na kama uji umeshanyweka, semeni kabla hajaingizwa ndani. Upasuaji utasogezwa mbele, basi.