🌙 Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Masta ya Tatu ni ya Nani?

 

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi tunalo majumbani. Mtu ana digrii ya ualimu. Akaongeza masta ya utawala. Sasa anataka masta ya afya ya jamii, na moyoni anaitamani sheria pia. Mama yake kule mlimani anauliza, mwanangu, utamaliza lini? Wenzake wanasema ana uchu wa vyeti. Yeye anajibu kwamba dini yenyewe imetuamuru tusome. Sasa hapo nani mwenye haki?

Tumsikilize yeye kwanza. Katika Suratu Twaha, aya ya 114, Mtume (s.a.w.) anaamrishwa amwombe Mola wake amzidishie elimu, wala hakuwekewa kikomo. Na mtu mmoja kushika fani nyingi si jambo geni kwetu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) wa Unguja alikuwa mwalimu wa shule, akaandika historia, akafasiri Qur'ani kwa Kiswahili, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuna aliyemwambia achague moja.

Tena matatizo yetu hayaji fani moja moja. Tazama ndiva zetu, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji ya mlimani hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Ukitaka kuisaidia ndiva lazima ujue ujenzi, ujue kilimo, ujue na haki za watu wa juu na wa chini. Mwenye fani moja ataona tope tu, au ataona ugomvi tu. Kwa hiyo tusimcheke mtu kwa sababu tu anasoma vitu vingi.

Lakini upo upande wa pili, na ni mzito. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, miongoni mwa watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama yumo aliyejifunza elimu ili aitwe mwanachuoni. Ataambiwa kwamba alishaitwa hivyo duniani, basi malipo yake ameyamaliza. Jamani, huyu hakuiba wala hakulewa. Alisoma! Kilichomponza ni kile alichokuwa anakitafuta.

Sasa tutapimaje? Imam Ghazali (1058–1111) anatupa mizani katika Ihyaa. Anasema elimu kama ya utabibu na ya hesabu ni faradhi ya kutosheleza. Wakipatikana wa kutosha katika mji, wengine wameepukana nayo. Wasipopatikana, mji mzima uko katika dhambi. Kisha akawalaumu watu wa zama zake: miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu, lakini wanafunzi walijazana kwenye fiqhi ya mabishano, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na vyeo.

Ukiifikiri sana mizani hii, inabadilisha swali lenyewe. Tumezoea kuhesabu vyeti: kimoja ni sawa, viwili si haba, vitatu ni tamaa. Imam hahesabu vyeti. Anaangalia pengo liko wapi. Masta ya tatu inayoziba pengo lisilo na mtu inaweza kuwa ibada. Na masta ya kwanza kabisa, ikitafutwa kwa ajili ya cheo tu kwenye fani iliyokwisha kujaa, inaweza kuwa hasara.

Na tuambizane ukweli mwingine. Darasani kuna utamu wake: ukijitahidi, mtu anakuandikia alama, anakwambia umefaulu. Kazini hakuna. Unafundisha miaka kumi hakuna anayekupa alama. Unauguza watu, asubuhi wamejaa tena kwenye foleni. Basi mwingine anarudi chuo akitafuta tena ile sauti ya kuambiwa umefaulu, wala si elimu anayoifuata. Ramadhani inatutibu hapo. Funga haina cheti. Ukinywa maji chumbani peke yako hakuna atakayejua, na ukijizuia pia hakuna atakayejua, ila Allah. Mwezi mzima tunafundishwa kufanya kazi bila kuandikiwa alama na watu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye fomu mkononi, jiulize mambo matatu kabla hujaijaza.

*1.* Ni nani anayekosa kitu leo kwa sababu wewe hujaisoma fani hii? Mtaje kwa jina, au taja kijiji.

*2.* Ada hii ni haki ya nani? Kama mdogo wako amekaa nyumbani kwa kukosa ada, au mama anauza tangawizi ili wewe uongeze cheti, haki yao inatangulia. Na kusoma huku unafanya kazi kunawezekana. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kinafundisha watu wakiwa kwao.

*3.* Ile uliyokwisha kuipata, nani anakunywa? Ndiva inayojazwa kila usiku isifunguliwe asubuhi, mashamba ya chini yanakauka na ndiva yenyewe inafurika na kubomoka.

Ukiwa na majibu, nenda kasome, hata kama ni ya nne, na sisi wazazi na jirani tukuombee dua badala ya kukusema. Ukikosa majibu, usiichukie elimu. Fungua kwanza maji uliyonayo: fundisha vijana wa mtaani hisabati baada ya taraweh, msaidie mzee kuandika barua yake ya shamba. Huenda pengo lako utalionea hapo hapo.

Ee Allah, tuzidishie elimu, na utukinge na elimu isiyonufaisha. Aamin.

Tukutane kesho inshaallah. Mtumie na mwenzako. 🤲