Mtazame Mtoto Kwanza

Ikishapita tarehe 20 Desemba, stendi ya Korogwe hailali. Mabasi ya Dar es Salaam yanapandisha Moshi na Arusha yamejaa Wachagga wanaorudi kwao, na vijana wetu wanayakimbilia madirishani na machungwa na korosho. Huku Manundu cherehani za mafundi zinalia mpaka usiku, maana kila mzazi anataka gauni la mwanawe liishe kabla ya mkesha. Watoto nao wameshaanza kudai sikukuu yao kwa mashangazi na wajomba. Hayo yote sina ugomvi nayo. Sikukuu bila pilau ni sikukuu gani? Ila mwulize mtu mzima Krismasi ya mwaka huu imemgusa wapi. Atakutajia bei ya mchele.

Mazoea yana taabu. Habari ya Bethlehemu tumeisikia tangu tukiwa Shule ya Jumapili, tukaigiza wachungaji tumejifunga mataulo kichwani, na sasa ikisomwa kanisani tunaitikia huku tunawaza nani kabaki na nyama jikoni. Mshangao umetutoka, wala hatukutenda dhambi kubwa ya kuufukuza. Tumeijua habari mno, basi.

Hebu irudie polepole. Tunakiri kwamba Mungu alikuja akiwa kitoto kichanga. Aliyelea mtoto anajua maana yake: kitovu cha kuchunga kisipate uchafu, shingo isiyojiweza, kilio cha saa nane za usiku ambacho hakina maelezo, nepi za kufua na mvua za vuli hazijakatika. Mariamu aliyafanya hayo ugenini, bila bibi wala shangazi wa kumpikia uji, na nyumba ya wageni ilijaa. Aliyeumba mito na milima alikuwa hawezi kujigeuza ubavu. Alihitaji kubebwa. Kama Mungu angetaka kuogopwa tu, njia zipo nyingi. Yeye alichagua kushikwa mikononi. Upendo huo hatukuulipia, na hata tukitaka hatuna cha kuulipia.

Wazee wa kanisa la pwani walilijua hili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule wamisionari wa Kianglikana wa UMCA wakaweka hapo jiwe la msingi la kanisa. Siku ya Mtoto, mahali watoto wa watu walipouzwa! Sijui mahubiri yanayoshinda hayo.

Na yupo Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyefariki Hegongo, hapa jirani Muheza, Novemba 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja, akatembea nao bara; vita ilipokwisha akawaandikia Waingereza kupinga kazi za shuruti walizotwishwa Waafrika. Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa kanisa huko London, aliwaambia waziwazi kwamba ni upuuzi kumwabudu Yesu altareni na kumpita Yesu huyohuyo katika mwili wa maskini. Alikuwa mtu wa ubani na mishumaa, kwa hiyo asidhani mtu alikuwa anadharau kanisa. Alitaka watu waamini kweli kwamba Mungu alivaa mwili, na mwili una njaa.

Kwa hiyo anayeniuliza auamsheje moyo wake Krismasi hii, simwambii aongeze taa kwenye tawi la mvinje, wala ajikamue machozi kwenye mkesha. Mshangao haukamatwi kwa kukimbizwa. Nenda wodi ya wazazi. Katika hospitali zetu hakosekani mama aliyeletwa kutoka kijijini, kajifungua salama, na ndugu hawajafika. Mpelekee chupa ya uji wa moto, kipande cha sabuni na kanga safi. Mwulize kwanza nesi wa zamu kama inafaa, nawa mikono, na ukipewa mtoto umshike, mshike kimya. Tazama kile kiganja kinavyofumba kidole chako. Halafu nenda kanisani usikilize somo.

Jirani yako Mwislamu nenda naye, maana habari ya Maryamu na uchungu wake chini ya mtende anaijua kutoka kwenye msahafu wake. Sahani za Idi na za Krismasi zimevuka nyua zetu miaka yote. Na chupa hii ya uji ivuke.

Baba wa familia, nawe nenda. Kazi ya kuangalia watoto si ya akina mama peke yao, na Yosefu alikuwepo. Mchukue na mwanao aliyeshonewa nguo mpya, akasubiri nje na chupa ya uji akijua inakwenda kwa nani. Simu ziacheni nyumbani. Yule mama hakuomba kupigwa picha.