Kabla ya Kununua Ploti, Ketini Wawili



Siku hizi katika parokia zetu za Meru na Embu, mafundisho ya ndoa hayaishi bila mtu kuuliza juu ya ploti. Ni jambo jema. Aliyepokea bonasi ya majani chai, afadhali anunue ardhi kuliko kuimaliza pesa hiyo kwenye baa. Lakini kati ya wanaotujia wakilia, wengi hawakuumizwa na broka peke yake. Baba alinunua bila mama kujua, au mama alijiwekea ya kwake pembeni kwa jina la kaka yake. Ploti ilipoingia matata, hakuna aliyethubutu kusema nyumbani.

Someni Yeremia sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kifungoni, naye ananunua shamba la binamu yake kule Anathothi. Jirani angesema huo ni wazimu. Lakini tazameni alivyonunua. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17, akaandika hati mbele ya mashahidi, nakala moja ikatiwa muhuri na nyingine ikabaki wazi, zote zikawekwa katika chombo cha udongo zisiharibike. Imani haikumfanya aruke hatua hata moja. (Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaosali novena juu ya ploti ambayo hawajaifanyia sachi.)

Basi nendeni ofisi ya ardhi pamoja. Sachi itawaonyesha jina la mwenye shamba, kama benki imelishika kwa deni, na kama kuna zuio. Ikiwa jina ni la babu aliyefariki na familia haijamaliza urithi kortini, muuzaji hana cha kuwauzia, hata akiwa mwenyekiti wa jumuiya yenu. Katika sehemu za Igembe, Tigania na Mbeere ambako upimaji ulichukua miaka mingi, watu wameuziana kwa nambari tu, bila hati. Huko msikimbie. Na mjue hesabu hii: ekari moja ina futi mraba 43,560. Ploti nane za futi 50 kwa 100 humaliza 40,000, na kipande kinachobaki ndiyo barabara. Mkiambiwa ekari imetoa ploti tisa za kipimo hicho, mnadanganywa.

Kama ni shamba la kilimo, kuna bodi ya ardhi. Sheria ya Sura 302 inataka ombi la kibali lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali mauzo ni batili, na pesa mliyolipa inageuka kuwa deni la kudai. Kumdai mtu aliyekwisha kujengea pesa zenu, mnajua wenyewe ilivyo.

Sasa nyumba za kupangisha, maana hapo ndipo vijana wengi wanaona utajiri. Tuseme mmejenga vyumba 10 karibu na chuo kikuu cha Nchiru au cha Embu, kila kimoja Sh3,500 kwa mwezi. Vikijaa, mnapata Sh35,000. Benki inataka Sh28,000. Vyumba vitatu vikikaa vitupu mnabaki na Sh24,500, na hamjalipa maji, wala ushuru wa kodi ya nyumba ambao Januari 2024 ulishushwa hadi asilimia 7.5. Mnakumbuka Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona? Wanafunzi walirudi kwao, lakini mkopo ulibaki. Vivyo hivyo anayepangisha kule Maua anategemea miraa hata kama hana mti mmoja. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, pigo lilimfikia mchumaji na mpangaji wake vilevile. Sisemi msijenge. Nasema ulizaneni kwanza, mkiwa wawili tu: tunaweza kulipa benki miezi mingapi bila mpangaji?

Jambo linalonisumbua zaidi ni hati ya boma. Mume anaona mradi mzuri, benki inataka dhamana, na dhamana iliyoko ni shamba ambalo watoto wanalala. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja haiuzwi wala kuwekwa rehani bila kibali cha wote wawili. Mama, sahihi yako si salamu. Soma karatasi, uliza, na ukikataa hujavunja utii. Baba, ukiona unahitaji kumficha mke wako ndipo mpango uende mbele, mpango huo umeshajibu. Boma lisiingie katika mizani hata kidogo. Kama pesa haitoshi, subirini bonasi ya mwaka ujao, au nunueni ploti moja bila deni muipande mahindi.

Na hati ikitoka, iwe na majina yote mawili. Kulima, kupika na kulea watoto ni mchango, sheria hiyo yaitambua kuwa hivyo. Mwendapo kwa ajili ya sachi chukueni nakala ya hati ya muuzaji, vitambulisho na PIN zenu, na mfike asubuhi na mapema, maana foleni huwa ndefu.