Jicho la McGee: uongo wa nani?

Kuna uongo ambao tukiusikia tunatabasamu. Mmojawapo ni wa Frank McGee, mchezaji wa hoki ya barafuni wa Ottawa, Kanada. Mwaka 1900 aliumia jicho la kushoto mchezoni, likapofuka. Mwingine angetundika daluga. Yeye alirudi 1903, wakabeba Kombe la Stanley. Januari 1905 timu ya Dawson City ilisafiri wiki kadhaa kutoka Yukon kuja kuwavaa. Mechi ya kwanza McGee alifunga bao moja tu. Ya pili akafunga 14, Ottawa ikashinda 23 kwa 2. Hakuna aliyefikia idadi hiyo katika mechi ya kombe hilo mpaka leo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, akataka kwenda. Inasimuliwa kwamba daktari wa jeshi alimwambia afunike jicho moja, akafunika lile bovu. Alipoambiwa abadilishe, akabadilisha mkono, si jicho. Iwe kweli au imetiwa chumvi, alipita.

Mara ya kwanza nilicheka. Nikasema, huyu mwanamume! Kadanganya ili akajitoe mhanga, si ili aibe. Dhambi iko wapi hapo?

Lakini hebu tufikiri. Uwanjani, jicho lake lilikuwa lake: akikosa bao, timu inafungwa, watu wanarudi nyumbani kula. Vitani, anayekesha zamu anaona kwa niaba ya waliolala. Wale hawakuulizwa kama wanakubali nusu ya macho. Ujasiri wake aliulipia kwa mfuko wa wenzake pia.

Halafu kuna daktari. Mtu ana jina la utani "Jicho Moja", amevuma, na bado anapita? Sidhani kila aliyedanganywa hakujua. Jeshi lilihitaji watu, naye alitaka kwenda. Uongo wa namna hiyo unasemwa na mmoja, unapokelewa na wengi, na lawama haimfikii mpokeaji.

Desemba 1915 aliumia goti. Akapona, akarudi mstari wa mbele. Tarehe 16 Septemba 1916 aliuawa karibu na Courcelette, Ufaransa. Mwili haukupatikana, jina lake limechongwa kwenye mnara wa Vimy.

Mabao yale 14 bado nayapigia makofi. Hadithi ya daktari nayo bado naipenda, ila siku hizi nikiisikia sicheki. Namwangalia aliyeshika kalamu.