Sindano na Ulimi

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 35:1–4, Kut. 21:2–6, Mit. 12:18, Yn. 5:1–14, Yn. 20:24–29, 1 Kor. 6:19, 20; 1 Kor. 12:26, 1 Pet. 3:3, 4.

Mfikirie binti wa miaka 15 anayeishi Chang'ombe, jijini Dodoma. Mama yake ni shemasi. Bibi yake, aliyebatizwa akiwa mtu mzima, anaishi nao. Jumapili mchana, wakubwa wakiwa hawapo, binti huyu anachukua sindano ya kushonea na kuipitisha kwenye moto wa kiberiti. Ananyonya barafu ya ubuyu mpaka ulimi uanze kufa ganzi, kisha anautoboa mbele ya kioo na kuweka kipini alichonunua kwa mmachinga. Amechagua ulimi kwa sababu moja: tundu la sikio huonwa na kila mtu, lakini kinywa kikifungwa, hakuna ajuaye.

Jumanne ulimi umevimba. Alhamisi hawezi kumeza ugali. Anasema koo linamuuma. Sabato kwaya ya vijana inaimba bila yeye. Usiku huo ana homa, mate yanamtoka, na bado hasemi.

Bibi ndiye anayegundua. Anamketisha karibu na taa na kumwambia, "Mjukuu wangu, fungua kinywa nione. Panauma wapi?" Kabla ya usiku wa manane wako hospitalini.

Kwa nini binti huyu alinyamaza siku sita? Jibu liko miezi michache nyuma. Msichana mmoja wa kanisani alitoboa pua, na mama, akiwa jikoni, alisema, "Yule amekwisha potea." Hakumwambia binti yake neno hilo. Lakini binti alikuwa akiosha vyombo, akalisikia, akajifunza jinsi anayekosea anavyotajwa katika nyumba yao.

Mwili ni wa Nani?

Jambo kama hili likijulikana, majibu mawili huja haraka. Kijana husema, "Mwili ni wangu." Mzazi husema, "Ni dhambi, basi." Kila jibu lina sehemu ya ukweli, na kila moja limepungukiwa.

Soma 1 Kor. 6:19, 20. Paulo anawakumbusha waamini kwamba wao si mali yao wenyewe, kwa maana walinunuliwa kwa thamani. Hasemi kwamba mwili wa kijana ni mali ya wazazi, wala ya baraza la kanisa. Mwenye mwili ni Yule aliyeulipia kwa damu yake. Kitu kilichonunuliwa kwa bei kubwa hakichezewi. Wala hakitupwi kinapopata ufa. Fungu lilelile linalomzuia binti asiuchome ulimi wake ndilo linalowazuia wazazi wasimwite aliyepotea.

Kutoboa mwili hakukuletwa na simu. Bibi huyu ni Mgogo wa zamani: ndewe za masikio yake zilitobolewa na kuvutwa tangu utotoni, na meno mawili ya mbele ya chini aling'olewa. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika juu ya alama hizo mbili kama utambulisho wa watu wa nchi hiyo. Kusini, wanawake wa Kimakonde walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Bibi hakurudia desturi hizo kwa watoto wake alipompokea Kristo. Lakini anakumbuka jambo ambalo mjukuu wake hakulipata: alama zile zilitiwa na wazee, mbele ya watu, kumwambia mtoto, "Wewe ni wetu." Mjukuu alijitia alama yake peke yake, mlango umefungwa.

Maandiko nayo yanazifahamu alama za namna hii. Katika Kut. 21:2–6 mtumwa aliyempenda bwana wake, akakataa kuachwa huru, alitobolewa sikio kwenye mwimo wa mlango, hadharani. Katika Mwa. 35:4 watu wa nyumba ya Yakobo walimpa pete za masikioni pamoja na miungu yao, naye akazifukia chini ya mwaloni kule Shekemu, kabla ya kupanda Betheli. Katika habari zote mbili swali ni moja: moyo huu ni wa nani? Petro naye anauelekeza uzuri ndani, kwenye roho ya upole na utulivu (1 Pet. 3:3, 4). Kwa hiyo shauri la kanisa kuhusu mapambo lina msingi mzuri. Linapoteza nguvu pale mtoto anapolisikia kama orodha ya makosa tu, bila kusikia kwamba tayari anapendwa na ana kwao.

Majeraha Mawili

Sindano ilifanya madhara ya kweli, na vijana waambiwe wazi. Ulimi una mishipa mingi ya damu, na huvimba kwa siku kadhaa hata ukitobolewa na mtu mwenye ujuzi. Moto wa kiberiti hautoshi kuua vijidudu vyote. Uvimbe ukienea chini ya ulimi na kushuka shingoni, unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Jeraha chafu huweza kuleta pepopunda. Sindano ya kuchangia huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Hata jeraha likipona, chuma kinachogonga kinywani huvunja meno na kuumiza ufizi. Mtu mwenye homa, au anayeshindwa kumeza au kupumua baada ya kutoboa, apelekwe hospitali saa ileile. Maswali mengine yangoje.

Lakini lilikuwapo jeraha lililotangulia. Mit. 12:18 inayafananisha maneno yasiyofikiriwa na kuchoma kwa upanga, na kuuita ulimi wa mwenye hekima afya. Sindano ilitoboa ulimi mmoja kwa dakika moja. Neno la jikoni lilitoboa mahali ambapo daktari hafiki, na nusura limwondolee binti uhai, kwa sababu lilimfanya aone kwamba uvimbe ni afadhali kuliko kusema.

Tazama mpangilio wa Yesu katika Yohana 5. Penye birika la Bethzatha anamkuta mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38. Kwanza anamwuliza kama anataka kuwa mzima. Kisha anamponya. Baadaye, wakikutana hekaluni, ndipo anamwonya asitende dhambi tena (Yn. 5:6, 8, 14). Onyo halikufutwa, ila lilikuja baada ya uponyaji. Nyumba nyingi huugeuza mpangilio huu: onyo hutolewa mlangoni, na mgonjwa hurudi na ugonjwa wake. Bibi yule, asiyejua kusoma, aliufuata mpangilio wa Bwana wake.

Asubuhi, kipini kikiwa kimetolewa na dawa zimeanza kufanya kazi, mama ameketi kando ya kitanda. Ana maneno mengi ya haki ya kusema, na mengine atayasema, maana upendo usioonya si upendo. Lakini anaanza na lake: "Mwanangu, siku ile jikoni nilimsema vibaya mtoto wa watu. Na wewe ulinisikia." Binti hawezi kujibu, ulimi bado mzito. Anaushika mkono wa mama yake.

Tomaso alipofungiwa na mashaka, Yesu hakumfukuza. Alimwonyesha alama za misumari na ubavu uliochomwa (Yn. 20:27). Bwana aliyefufuka hakuficha majeraha yake. Kwake kijana yeyote anaweza kufungua kinywa na kuonyesha lake. Je, anaweza kufanya hivyo pia mbele ya watu wanaoitwa kwa jina Lake?

Maswali ya Kujadili:

1. Kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho (1 Kor. 12:26). Ni kwa njia gani kijana wa kanisa lenu angejua jambo hilo kabla hajakosea?

2. Soma tena Yn. 5:6 na 5:14. Kuna hatari gani ya kuponya bila kuonya? Na ya kuonya bila kuponya?

3. Ni neno gani ulilosema juu ya mtu asiyekuwapo ambalo mtoto wako huenda alilisikia? Unaweza kufanya nini juma hili kulirekebisha?