Habasoda na Wenye Kuiuza

 

Ndugu zetu Waislamu wa Kehancha na pande zote za Kuria, tumeulizwa mara nyingi juu ya vichupa vya mafuta ya habasoda, ambavyo wauzaji huvisifu kwa Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuwa ni dawa ya kila maradhi ila mauti. Je, mwenye homa akiyanywa ana haja tena ya hospitali?

Hadithi hiyo ni sahihi; wameipokea Bukhari na Muslim. Shaka yetu ni juu ya ufahamu wa muuzaji. Imamu Khattabi ameeleza kuwa neno "kila" hapa ni la jumla lililokusudiwa baadhi, kwani hapana mmea mmoja uliokusanya tabia za dawa zote. Wako wanazuoni waliolichukua kwa ujumla wake. Lakini hata hao hawakumwambia mgonjwa aache matibabu mengine. Katika Bukhari imo habari ya Ghalib bin Abjar aliyeugua safarini. Ibn Abi Atiq aliagiza zichukuliwe punje tano au saba, zisagwe, kisha atiwe puani matone yake pamoja na mafuta. Tazameni: kiasi kinajulikana, na njia inajulikana. Wala hakuagiza punje zifungwe kitambaani na kuvishwa shingoni, kama wafanyavyo baadhi yetu!

Sasa natutazame mafuta yenyewe. Sehemu yake kubwa ni mafuta mazito, mfano wa ya kupikia. Nguvu ya kuua vijidudu iko zaidi katika ile sehemu ndogo yenye harufu kali, ambayo El-Dakhakhny alichapisha uchunguzi wake juu yake mwaka 1963 kwa mbegu za Misri. Humo mna kitu kiitwacho timokwinoni. Katika vyombo vya maabara huviua vizuri vijidudu vya majipu. Lakini vya jamii ya homa ya matumbo vina utando wa nje unaovikinga, navyo hustahimili zaidi. Ama malaria, ambayo ndiyo msiba wa nchi yetu hii, vimelea vyake vimo ndani ya damu. Katika chombo cha maabara tone humwangukia mdudu mwenyewe. Tumboni huchanganyika na chakula, na ini huligeuza kabla halijafika mbali. Tena timokwinoni huharibiwa na mwanga, na vichupa vyeupe hupangwa juani siku nzima ya soko.

Msidhani kuwa mafuta ya mbegu hayadhuru kwa kuwa ni ya mti. Mwarobaini, tunaousifu kwa maradhi arubaini, mafuta ya mbegu zake yaliwapata watoto wa Malaysia kwa sumu kali walipoyanyweshwa, na madaktari wakaiandika habari hiyo mwaka 1981.

Basi mwenye kupaka habasoda kifuani kwa mafua, au kuitia katika chakula, hatumkatazi. Sisi wenyewe twaitumia. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe damu siku ile ile. Na muuzaji anayemzuia mzazi asimpeleke, ajue kuwa Mtume (S.A.W.) amemfanya mdhamini kila atibuye hali hajulikani kwa utabibu. Mtoto akidhurika, dhamana ni yake.