Mchoro Hauonyeshi Anayebeba Maji

Mtu anayejenga kitu kwa kufuata mchoro wa mtu mwingine anadaiwa nini, na anayemdai ni nani? Swali hili huonekana dogo mpaka kitu chenyewe kiwe na boila ndani yake. Ukikosea kiti, kitayumba na watu watacheka. Lakini maji yakichemka na kuwa mvuke kwenye hewa ya kawaida, hutaka nafasi kama mara 1,600 ya ile waliyokuwa nayo yakiwa maji. Ndani ya boila nafasi hiyo haipo, kwa hiyo mvuke unasukuma. Unasukuma pistoni ukiwa umeongozwa vizuri, na unasukuma kila kitu kingine ukiwa haukuongozwa. Ndiyo maana, kwa mashine ya mvuke, uaminifu kwa mchoro ni suala la maadili kabla halijawa suala la ufundi.

Hapa Kasulu, mimi ninayefundisha fizikia na fundi mmoja wa kuchomelea, ambaye riziki yake ni mageti na grili za madirisha, tumekuwa tukipanga kujenga trekta dogo la mvuke kwa kipimo cha moja kwa sita. Trekta la mvuke ni mashine ya barabarani yenye boila kama la garimoshi, gurudumu kubwa la kasi ubavuni, na magurudumu mapana ya chuma ya kutembelea. Viwanda vya Uingereza viliyatengeneza kwa wingi kabla injini za mafuta hazijachukua kazi. Michoro ya baadhi ya viwanda hivyo, kama John Fowler wa Leeds, imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini la Chuo Kikuu cha Reading. Mtu wa leo anaweza kupata nakala ya mstari uleule ambao mchoraji aliuvuta kwa wino zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kuupeleka kwa fundi wa mageti.

Wengi wanatuuliza kwa nini tusijenge garimoshi au meli, maana Kigoma ina historia ya vyote viwili. Jibu liko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwapokonya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Walileta boti mbili za mota, Mimi na Toutou, zenye urefu wa takriban mita 12 kila moja, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume huko Katanga, na hapo reli ikaisha. Matrekta mawili ya mvuke, yakisaidiwa na maksai na mamia ya watu, yalizivuta zaidi ya kilomita 200 kupitia milima ya Mitumba, mpaka walipoikuta reli tena Sankisia. Mwishoni mwa Desemba boti zilikuwa ziwani, na tarehe 26 mwezi huo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Kwa mwanafunzi wa nyanda hizi za juu, hiyo ndiyo mashine ya mvuke iliyofanya kazi kwenye ardhi inayofanana na ya kwetu: mlima, vumbi, mto usio na daraja.

Basi tulipokaa na michoro, ubishi ulianza. Nilidhani fundi ndiye atakayetaka kubadilisha mambo, na mimi mwenye vitabu nitayatetea ya asili. Ikawa kinyume.

"Mwalimu," aliniambia, "mteja akiniletea mchoro wa geti, simtengenezei geti la ndoto zangu."

Hoja yake ina uzito kuliko inavyosikika. Kufuata mchoro ni nidhamu ya kunyamaza. Aliyeuchora alijua mambo ambayo hakuyaandika, kwa sababu kila mtu karakanani kwake aliyajua. Chukua mfano mmoja. Juu ya paa la chumba cha moto, upande ambao maji ya boila yanapaswa kulifunika, michoro ya aina hii huonyesha skrubu ndogo yenye tundu katikati. Mtu mwenye haraka angeuliza: tundu la nini mahali ambapo kazi nzima ni kuzuia maji yasipite? Angeliziba, na mashine ingefanya kazi vizuri kabisa, labda kwa mwaka mzima. Kumbe tundu hilo limejazwa risasi. Maji yakipungua hadi paa likaachwa wazi, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia moto, na dereva anapata onyo kabla chuma hakijalainika na kupasuka. Ni uhai wa mtu uliofichwa kwenye alama ndogo ya penseli.

Kwa hiyo nampa fundi haki yake: usifute mstari usioujua sababu yake. Vijana wasomi tuna ugonjwa wa kufuta haraka. Tukikuta desturi, sheria au utaratibu wa wazee ambao maana yake haionekani, tunadhani hauna maana. Kabla ya kuziba tundu, uliza lilikuwa linamlinda nani.

Lakini hapo ndipo mchoro wenyewe unapotugeuka. Ukigawa urefu kwa 6, eneo linagawanyika kwa 36, na ujazo kwa 216. Trekta la tani 10 linakuwa mashine ya kilo 46 hivi. Hadi hapo furaha tupu. Sasa tazama bati la boila. Lililokuwa na unene wa milimita 12 linakuwa la milimita 2. Hesabu za nguvu zinasema litahimili presha ileile, kwa kuwa kipenyo nacho kimepungua. Hesabu hizo hazisemi habari za kutu. Kutu haijui kipimo. Ikila nusu milimita kwenye bati la 12, ni mkwaruzo. Ikila nusu milimita kwenye bati la 2, robo ya ukuta imeondoka. Mapovu ya mvuke nayo hayapungui ukubwa kwa kuwa wewe umepunguza mabomba, kwa hiyo mabomba mengi membamba yaliyonakiliwa kwa uaminifu yatabanana na kuzuia maji yasizunguke. Na boila dogo, likilinganishwa na maji lililobeba, lina ngozi kubwa mara sita ya kupotezea joto.

Watu wenye uzoefu wa mashine ndogo za mvuke walishalijua hili zamani. Hutumia shaba badala ya chuma, mabomba machache yenye kipenyo kikubwa kuliko mchoro unavyodai, na vali ya usalama ambayo kwa kipimo ni kubwa mno, ila kwa kazi ni sawasawa. Kisha boila hujaribiwa kwa maji baridi hadi mara mbili ya presha ya kazi. Wanatumia maji kwa sababu hayabanwi kama mvuke: boila likishindwa, linavuja tu badala ya kuruka vipandevipande.

Nilimwambia fundi kwamba kufuata mstari wa boila kama ulivyo ni kumsaliti aliyeuchora. Yeye hakuwa anachora umbo. Alikuwa anachora boila ambalo halitamuua mtu aliyesimama kando yake. Kwa ukubwa wa kiwandani, umbo lile lilitimiza lengo hilo. Kwa ukubwa wetu halitimizi. Tukishika umbo, tumeacha kusudi. Fundi alinyamaza, akachukua kipande cha bomba la shaba la friji bovu, akakipima kwa kidole. "Basi tuandike kila tulichobadilisha," akasema, "ili atakayekuja asidhani ni wazungu waliochora hivi."

Sharti hilo la kuandika naliona ni muhimu kuliko hesabu zangu. Kubadilisha kazi ya mtu bila kusema ni uongo wa aina mbili: unajivika jina lake kwa maamuzi yako, na unamnyima anayekufuata nafasi ya kukukosoa.

Kigoma tuna mfano mkubwa wa jambo hili, unaoelea. Meli ya Graf von Götzen iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa katika masanduku kama 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaukimbia mji, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mitambo yake ilipakwa grisi nzito. Fikiria kazi hiyo: kumpaka mafuta adui yako wa kesho. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Je, ni meli ileile? Abiria wa Kirando na Kasanga walishajibu kwa kuipanda miongo mingi bila kuuliza. Uasili wake haukukaa kwenye kila kipande. Ulikaa kwa watu waliofuatana kuitunza, kila mmoja akimfikiria ajaye, hata kama hakumpenda.

Nilidhani hapo tumemaliza falsafa, zimebaki fedha za shaba. Kisha nikapeleka mpango Kibondo, kwa mwalimu mwenzangu wa historia ambaye shule yake tulitaka iwe ya kwanza kuonyeshwa trekta baada ya shule za Kasulu. Alisoma karatasi zote kwa utulivu, akauliza swali moja: "Mwalimu, anayejaza hili tangi yuko wapi?"

Aliijua safari ya Katanga vizuri kuliko mimi. Kule milimani maji yalikuwa haba, na boila haliendi bila maji. Wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba vichwani, maili kadhaa, kuja kuyanywesha matrekta. Vitabu vya vita vinawataja kwa sentensi moja na kuendelea na mizinga. Michoro ya kiwanda haiwataji kabisa. Inaonyesha tangi, mdomo wa tangi, hata kipini cha mfuniko. Mkono unaomimina haumo.

Nilijitetea kwamba mchoro wa mashine si kitabu cha historia. Akaniomba nifanye hesabu ninazozipenda. Tuseme tangi la trekta halisi lina lita 600. Hayo ni madumu 30 ya lita 20, kwa kujaza mara moja tu. Gawa kwa 216: tangi letu litakuwa na lita chini ya 3. Mtoto mmoja na jagi moja, dakika moja, basi.

Hapo nikaona kitu ambacho kipimo kinafanya kimyakimya. Tunapopunguza mashine, tunapunguza pia kazi ya waliokuwa wakiihudumia, ilhali wao wenyewe hawakupungua. Shingo ya mwanamke aliyebeba maji Katanga haigawanyiki kwa 6, na mlima alioupanda haugawanyiki kwa chochote. Mfano wetu unaweza kuwa sahihi hadi nusu milimita, na bado ukamfundisha mwanafunzi uongo mkubwa: kwamba mashine ilijiendea yenyewe. Hili si jambo geni kwa msichana wa Kibondo anayepanda kilima na dumu la njano kila alfajiri, wala kwa familia zilizopanga foleni bombani kwenye kambi za Nduta na Nyarugusu. Wanajua kila kinachoitwa maendeleo kina mtu nyuma yake anayekibebea maji. Wasichokiona ni mahali ambapo mtu huyo ameandikwa.

Kwa hiyo deni la anayejenga kwa mchoro wa mwingine naliona hivi. Kwa mchoraji, anadaiwa kuelewa kabla ya kufuta. Kwa aliyesimama karibu na boila, anadaiwa ujasiri wa kubadilisha, na ukweli wa kuandika alichobadilisha. Na kwa yule ambaye mchoro haukumchora, anadaiwa kumtafutia nafasi. Deni hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu hakuna anayekuja kulidai. Boila likikosewa litapiga kelele. Mwanamke wa Mitumba hatapiga.

Tulifikiria kuchonga vinyago vidogo vya wanawake wenye mitungi, tukaona vitakuwa mapambo. Badala yake tumekubaliana na jambo rahisi. Siku ya kuonyesha, kabla moto wa mkaa haujawashwa, madumu 30 yaliyojaa yatapangwa mstari mmoja kando ya trekta, na hakuna atakayeeleza chochote mpaka mwanafunzi aulize ni ya nini. Fundi ameyaingiza kwenye karatasi yake ya mabadiliko, mstari wa mwisho, chini ya vali ya usalama: "Maji, ukubwa halisi." Mwenzangu wa Kibondo amekubali tuanzie kwake, kwa sharti moja: madumu yatajazwa bondeni na kupandishwa hadi shuleni na wavulana.